Mafuta Yake Hayohayo

Maktaba ya shule, 4 Machi

Mjomba Spana,

Shikamoo. Wenzangu wako uwanjani, mimi nimeomba ruhusa nibaki maktaba, kwa hiyo nina saa moja na nusu ya kukuandikia.

Mama ameniandikia kwamba Baba amesimamishwa kazi. Najua habari unazo, lakini nitazieleza kama nilivyoambiwa mimi ili unisahihishe palipo na makosa. Tarehe 21 Februari, saa tisa alasiri, zahanati ilimtuma Baba ampeleke hospitali kubwa fundi seremala aliyekatwa paja na msumeno wa mashine. Nyuma walikaa muuguzi na mke wa fundi. Walipoanza kupanda mlima wa kiwanda cha matofali, gari likapungua mwendo huku injini ikinguruma, likazidi kupungua, mwishowe likasimama. Walikaa pale dakika arobaini hadi lori la matofali lilipowachukua. Fundi seremala alifia ndani ya lori.

Kamati ya zahanati inasema Baba alichanganyikiwa akaacha gia kwenye frii, pasipo gia yoyote kushika. Ushahidi wao ni maneno ya muuguzi, kwamba injini ilipiga kelele sana lakini gari haliendi. Mwenyekiti anasema gari likipiga kelele bila kwenda kosa ni la dereva, hata mtoto anajua. Kikao ni tarehe 12 Aprili. Wakimtia hatiani atafukuzwa, na jalada litapelekwa polisi kama kesi ya kusababisha kifo.

Baba anasema gia ya gari lile haina namba moja wala mbili, na kwamba kuna kitu kiliteleza ndani. Lakini unamjua Baba akikaa mbele ya watu wenye kalamu. Anaitikia "ndiyo mzee" hata kwa lisilo ndiyo. Ndiyo maana nataka nimwandikie maelezo ayasome tu.

Naomba unieleze gia ile inavyofanya kazi. Anza mwanzo kabisa, kama vile sijawahi kuona gari. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyelihudumia mwezi Desemba, niambie pia uliiona katika hali gani.

Mpwa wako,
Bi Kamusi


Gereji, 11 Machi

Bi Kamusi, mpwa wangu,

Marahaba. Naandika polepole maana najua koma ikikaa vibaya wewe huli chakula.

Nenda jikoni kwenu hapo shuleni, umbembeleze mpishi akuazime vifuniko viwili vya sufuria, vile vyenye tumbo. Viweke tumbo kwa tumbo. Umeona katikati pametokea mfereji, mpana ukingoni, mwembamba ndani? Hiyo ni puli. Gari la baba yako lina puli mbili za namna hiyo, moja upande wa injini, moja upande wa magurudumu, na mkanda mmoja umezizunguka zote.

Sasa sogeza vifuniko vikaribiane. Mkanda unabanwa, hauna pa kukaa, unapanda kuelekea ukingoni, unazunguka duara kubwa. Vitenganishe, unazama ndani, unazunguka duara dogo. Puli moja inapofunga, nyingine inafungua. Gari likipanda mlima, mkanda unazama kwenye puli ya injini na kupanda kwenye puli ya magurudumu: injini inazunguka sana, magurudumu kidogo, ila kwa nguvu. Barabara ikinyooka, mambo yanageuka. Gia za kawaida ni ngazi, unakanyaga kidato hadi kidato. Hii ni sakafu iliyoinama, hakuna mahali utasema hapa imeisha moja imeanza mbili. Ndiyo maana gari la aina hii, hata likiwa zima, linaweza kuongeza mwendo na injini ikabaki na sauti ileile. Mtu asiyelijua anasema limeharibika.

Mkanda wenyewe usidhani ni mpira. Ni vipande vya chuma mamia, vyembamba kama kucha, vimepangwa kwenye pete za chuma. Nao hauvuti kama kamba. Unasukuma, kama watu kwenye foleni ya maji wakisukumana migongo. Na haushikwi na jino lolote. Unashikwa na kubanwa tu. Kubanwa kukishindwa, chuma kinateleza juu ya chuma, injini inalia, magurudumu hayana habari.

Mwambie mwenyekiti hilo. Baba yako hakuweka frii. Alikanyaga mafuta mpaka mwisho, akafanya alichopaswa kufanya.

Msalimie mpishi. Vifuniko virudishe.

Mjomba wako,
Spana


Maktaba, 18 Machi

Mjomba Spana,

Shikamoo. Vifuniko nimerudisha, kimoja kikiwa na mkwaruzo. Nilitumia mkanda wa sketi yangu ya shule, na mpishi alicheka mpaka akakaa chini. Aliniuliza kama ndivyo tunavyofundishwa siku hizi. Lakini alipoona mkanda unapanda wenyewe bila kuguswa, aliacha kucheka akaniambia nirudie.

Nimeshaandika kurasa mbili za maelezo ya Baba. Nimetumia maneno mafupi, na kila sentensi anaweza kuimaliza kwa pumzi moja.

Kuna jambo lilinisumbua. Ikiwa mkanda unashikwa kwa kubanwa tu, na ndani ya giaboksi kumejaa mafuta, mbona hautelezi siku zote? Nilimuuliza mwalimu wa fizikia. Alinipa kitabu chake mwenyewe, nacho kinasema mafuta ya gia hii ni tofauti na ya otomatiki nyingine. Yanalainisha kama mafuta yoyote, lakini yakibanwa sana kati ya chuma na chuma yanashika. Ukiweka yale ya kawaida, gari litakwenda vizuri tu kwa wiki kadhaa. Kisha mkanda unaanza kuteleza, hasa kwenye mlima na mzigo, na unakwangua puli.

Hukunijibu kuhusu Desemba, nadhani ulisahau. Uliweka mafuta gani? Naomba jina lililoandikwa kwenye kopo. Nataka kuliweka kwenye maelezo ili kamati ione kwamba gari lilihudumiwa ipasavyo.

Bi Kamusi


Gereji, 29 Machi

Mpwa wangu,

Barua imefika. Gari lilihudumiwa, mafuta yaliwekwa. Habari za mafuta usiziandike kwenye maelezo ya baba yako, zitawachanganya wale wazee bure. Andika ya mkanda, yanatosha.

Soma mitihani yako. Hiyo ndiyo iliyokupeleka huko.

Mjomba wako


Bwenini, 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako ina mistari sita, na hukuniita Bi Kamusi. Nimeisoma wakati wa chai, wakati wa kufua, na tena sasa.

Nitaandika ninachofikiri, na kama nimekukosea heshima utanisamehe. Uliweka mafuta ya otomatiki ya kawaida, yale mnayoita haidroliki. Ulijua tangu siku uliposikia gari limekwama. Ulinieleza puli, ukanieleza mkanda, ukaniambia hata kipande chake kina unene gani, na ukaruka kitu kimoja tu, kile kinachoufanya mkanda ushike.

Baba anakaa nyumbani. Mama anasema amefagia uani mara tatu kwa siku moja. Watu wa mtaani wanapita wanamwita Frii. Jina hilo limeshamganda, watoto wanaliita kama ndilo alilopewa alipozaliwa.

Maelezo yangu bila mafuta hayana maana. Kamati watauliza, kwa nini mkanda uliteleza siku ile na si siku nyingine? Baba hatakuwa na jibu. Atasema "ndiyo mzee".

Wewe ni kaka yake Mama. Ulinifundisha kuendesha baiskeli. Sijui niandike nini tena. Utakwenda kwenye kikao au hutakwenda?

Mpwa wako


Gereji, 7 Aprili

Bi Kamusi,

Nitakwenda.

Umesema kweli, palepale ulipoweka kidole. Ilikuwa haidroliki ya kawaida, ile nyekundu. Siku ile nilikuwa na magari matatu juu ya jeki, na la zahanati lilitakiwa lirudi kazini kabla ya saa sita. Nilimwaga ya zamani, nikamimina mpya, nikazungusha gari hapa mtaani, likaenda kama hariri. Niliposikia limekwama kwenye mlima huku injini inalia, nilijua kabla mtu hajamaliza kusema. Nimekaa nalo wiki sita. Kila asubuhi nilijiambia kesho.

Maelezo yako mpe baba yako kama yalivyo, na ya mafuta uyaweke. Andika: "Fundi aliweka mafuta yasiyo yake." Usiandike mjomba. Andika fundi.

Mama yako usimwambie kitu. Ni dada yangu, nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana.

Na wewe usijisumbue na lolote zaidi ya hapo. Nakuomba. Kosa ni la mkono ulioshika kopo, limeanzia hapo na limeishia hapo.

Spana


Nyumbani, 27 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Shule imefungwa, niko nyumbani.

Yaliyotokea kwenye kikao unayajua, ulikuwapo. Mimi nimeyasikia kwa Baba, kidogokidogo, kama mtu anayetoa mwiba. Anasema uliingia umevaa shati jeupe, ukasimama nyuma yake alipokuwa anasoma, na alipofika kwenye neno "fundi" ulisema "ni mimi" kabla hawajauliza. Anasema waliita fundi mwingine akafungua giaboksi mbele yao. Mafuta yalikuwa meusi, na ndani ya bakuli la chini mlikuwa na chembe za chuma zinazometameta. Mwenyekiti alizisugua kati ya vidole, akajipangusa kwenye suruali, hakusema tena neno frii.

Baba amerudishwa kazini. Gereji yako wameifunga na kesi ni yako. Mama hakutaji jina. Anasema "yule fundi". Jana alisema "yule fundi alikuwa anapenda chai ya namna hii", kisha akainuka akaenda chumbani.

Lakini sikuandikii kwa ajili hiyo.

Jumamosi Baba aliniomba nipange mfuko wa karatasi za gari kabla hajaurudisha zahanati. Ndani nimekuta karatasi iliyokunjwa mara nne, mwandiko wake, penseli. Imeandikwa: "Shemeji. Badili mafuta ya gia na filta. Angalia breki za nyuma. Gia CVT. Mafuta yake hayohayo."

Nimekumbuka. Ilikuwa Desemba, mchana, Baba ametoka zamu amelala kwenye mkeka. Alikuwa ameniachia karatasi ile niinakili vizuri, maana anaona aibu mwandiko wake. Nilifika kwenye herufi zile tatu nikakwama. Nilizitafuta kwenye kamusi. Hazimo. Leo ndiyo najua ni jina la gia ile ya mkanda. Nilidhani amechanganya herufi kama kawaida yake, kama alivyowahi kuandika TVC akimaanisha VTC, chuo cha ufundi. Sikumwamsha. Gari halina klachi, nikasema basi ni otomatiki. Nikaandika kwa kalamu ya wino: "Gia ni ya otomatiki. Mafuta yake hayohayo." Hata nukta niliweka vizuri.

Uliipokea karatasi yangu. Uliisoma. Ulijua siku zote kwamba nimeiandika mimi, hata nilipokuandikia ile barua ya tarehe 2.

Kwa nini hukuniambia?

Mpwa wako


Kwa jirani, 3 Mei

Bi Kamusi,

Gereji ina kufuli la watu wengine, kwa hiyo naandikia mezani kwa jirani, na watoto wake wanasoma begani kwangu.

Karatasi yako nilikuwa nimeibandika ukutani kwa sababu ya mwandiko. Wateja wakija nawaambia, tazameni, huyu ni mpwa wangu. Asubuhi ya kikao niliibandua nikaichoma. Kwa hiyo usiitafute.

Sasa nisikilize. Fundi hasomi barua, anasoma gari. Kijiti cha kupimia mafuta cha gari lile kina maandishi, herufi hizohizo tatu, na chini yake onyo. Yalikuwa yamefunikwa na uchafu. Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu, mpwa wangu. Sikufuta. Ningefuta, ningeona, ningecheka kwamba Bi Kamusi leo amekosea, na yule mtu angefika hospitali. Miaka kumi na tisa nashika spana. Wewe una miaka kumi na sita na hata gari hujawahi kuendesha.

Wiki iliyopita mke wa fundi seremala alikuja hapa kwa jirani. Niliogopa. Alikaa, akasema hataki pole, anataka nimweleze gia ile. Nikachukua vifuniko. Alivishika mwenyewe, akavibana, akaona mkanda unapanda. Akauliza, "Kwa hiyo kama mafuta yangekuwa yake, gari lingepanda?" Nikasema lingepanda. Akauliza, "Na angefika?" Nikasema nadhani angefika. Alivipanga vifuniko kimoja juu ya kingine, akaniaga.

Hakuuliza nani aliandika nini. Sitamwambia, nawe hutamwambia. Wakili anasema ni miaka miwili, labda mitatu. Inahesabika. Wewe bado una mitihani, una maisha, na mtaa huu ukikupa jina haulichukui tena. Muulize baba yako.

Hili si ombi. Ni mjomba wako anasema.

Spana


Nyumbani, 10 Mei

Kwa mke wa marehemu fundi seremala,

Shikamoo mama. Hunijui. Mimi ni binti wa dereva, na fundi anayeshtakiwa ni mjomba wangu. Nimekuja hadi kwenye geti lako mara mbili wiki hii. Mara zote ulikuwa unaanika nguo, nami nilishindwa kusema hodi. Kuandika naweza.

Pamoja na barua hii naweka karatasi ya baba yangu, ile ya penseli. Herufi tatu zilizomo ndizo jina la gia uliyoelezwa kwa vifuniko. Baba aliziandika sawasawa. Mimi nilizitoa. Nilikuwa nanakili, sikuzijua, nikaona aibu kutozijua, nikaweka neno langu mahali pake. Mjomba alipata neno langu, hakupata la Baba.

Mjomba anasema ilimpasa aangalie kijiti cha kupimia. Ni kweli. Lakini kamati imeandika kwamba fundi aliweka mafuta kwa kukisia tu, bila kuambiwa kitu, na hiyo si kweli. Aliambiwa. Niliyemwambia ni mimi, na karatasi aliichoma ili isijulikane.

Nyumbani wamenikataza. Baba alisoma barua hii jana. Alikaa kitandani akiwa na ufunguo wa gari mkononi, akasema, "Mwanangu, kaa kimya, limeshapita." Halijapita, hukumu bado. Nimekuandikia kurasa nne, nyingine nyuma ya hii, kueleza jinsi mkanda unavyoteleza mafuta yakiwa siyo, endapo mjomba aliacha kitu.

Sijui nikuombe nini, kwa hiyo sijaomba.

Mwanafunzi, binti wa dereva


21 Mei

Binti wa dereva,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, kurasa zote nne. Umeeleza vizuri jinsi chuma kinavyoteleza juu ya chuma. Mimi nilikuwa ndani ya gari. Nilikuwa nimebana paja lake kwa khanga, mikono miwili, na injini ikilia, na nje nyumba ileile dirishani, haisogei. Niliyajua hayo kabla yako.

Mjomba wako amenieleza kosa lake. Baba yako alikuja akasimama mlangoni muda mrefu, akasema samahani, akaondoka. Sasa wewe. Kila mmoja wenu ananiletea lake, na kila mmoja anataka liwe lake peke yake. Nikiwasikiliza nyote napata wakosaji watatu, na mume sina.

Karatasi ya penseli na barua yako nimempelekea karani wa mahakama. Sikufanya hivyo ili mjomba wako apunguziwe, wala ili wewe uadhibiwe. Wameandika kwenye jalada lao kwamba mume wangu alikufa kwa sababu ya kopo moja la mafuta. Hakufa kwa kopo. Alikufa kwa herufi, na kwa kitambaa kisichofuta, na kwa zahanati yenye gari moja. Nataka yaandikwe yote, hata wakishindwa kuyahesabia kifungo.

Karani aliniuliza kama nimekusamehe, kuna sehemu ya kujaza. Nilimwambia aiache wazi.

Wamesogeza hukumu. Utaitwa tarehe 6 Juni, saa tatu. Watakuuliza mbele ya watu, na hutaruhusiwa kusoma kwenye karatasi. Nimeona unavyosimama kwenye geti langu, najua sauti yako itakuwa ndogo. Sema hivyohivyo. Mimi nitakaa benchi la mbele ili nisikie kila neno.

Usiniandikie tena.

Mke wa fundi seremala